Mahali pa Kuweka Mashine ya Nje ya Kiyoyozi

Watu wengi hudhani ya kuwa kiyoyozi hutengeneza baridi, kama vile mwokaji atengenezavyo mkate. Sivyo. Kiyoyozi ni hamali tu. Kazi yake ni kubeba joto lililomo chumbani na kulitua nje. Ile mashine ya nje, ambayo wengi wetu hatuijali, ndiyo mahali pa kutulia mzigo. Na hamali asiyepata mahali pa kutua hawezi kurudi kuchukua mzigo wa pili.

Haya niliyajua wakati wa likizo iliyopita, nyumbani kwa mama yangu mkubwa hapa Kigoma mjini. Yeye anakaa ghorofa ya pili. Roshani yake yatazama kaskazini, na ziwa li mkono wa kushoto. Ukingo wa roshani ni ukuta wa zege wenye kimo cha mita moja. Fundi aliyeitwa kufunga kiyoyozi aliiweka mashine ya nje chini sakafuni, ikautazama ukingo huo, shubiri mbili tu kati yao. "Hapa ndipo rahisi, mama," akasema, akapokea fedha zake akaenda zake.

Haukupita mwezi tukaona mambo matatu. Chumba hakikupoa sawasawa. Umeme wa LUKU ulikwisha upesi kuliko tulivyotazamia. La tatu nitalisimulia baadaye, maana ndilo kubwa.

Yafaa kwanza tujue mashine yenyewe inavyofanya kazi. Ndani ya mabomba yake ya shaba imo gesi. Kompresa, iliyomo katika mashine ya nje, huikandamiza gesi hiyo hata ikawa ya moto sana. Kisha gesi hupita katika mabomba yenye mapezi membamba, na feni huyapitishia hewa. Joto likatoka, gesi ikageuka kuwa kimiminika. Kimiminika hicho hupenyezwa katika tundu jembamba, kikaenda chumbani na kugeuka gesi tena, na kigeukapo huchukua joto la chumba. Kila aliyepata kuchomwa sindano aweza kulifahamu jambo hili: spiriti anayopakwa mkononi hutia baridi inapokauka.

Sasa tufanye hesabu. Kiyoyozi kidogo, kile ambacho mafundi hukiita cha 9,000, huweza kuondoa chumbani joto la wati 2,600 hivi. Kufanya kazi hiyo hula umeme wa wati 800 hivi. Umeme huo nao hugeuka joto. Basi mashine ya nje hutupa wati 3,400, yaani zaidi ya joto la pasi tatu za umeme za wati 1,000 zikiwaka pamoja. Je, pasi tatu ukiziwasha nyuma ya ukuta, shubiri mbili kutoka ukutani, joto litakwenda wapi? Mashine yetu ilikuwa ikiipuliza hewa ya moto ukingoni, hewa ikarudi, mashine ikaivuta tena. Kadiri hewa inayovutwa ilivyo ya moto, ndivyo kompresa inavyozidi kutaabika na kula umeme.

Watu husema adui wa mashine hii ni jua. Ni kweli kivuli chafaa, lakini jua ni adui mdogo. Hewa iliyofungiwa ndiyo adui mkubwa. Usiifunike mashine kwa boksi wala turubai ili kuikinga na jua, maana utakuwa umemziba hamali njia. Chumvi nayo haitusumbui kama isumbuavyo watu wa Dar es Salaam na Unguja, ambako hewa ya bahari hula chuma. Ziwa letu lina maji matamu. Yatupasa tuuangalie upepo. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani, na wakati wa kiangazi huvuma upepo wa kusini-mashariki. Mdomo wa feni usielekezwe kwenye upepo mkali, maana utairudisha hewa ya moto.

Sasa nalieleza jambo la tatu. Asubuhi moja mama mkubwa alitoka jikoni akamkuta mjukuu wake wa miaka mitatu amesimama juu ya mashine. Alikuwa amepandia ndoo, na kutoka ndoo akaingia juu ya mashine, ameinama juu ya ukingo akitazama mitumbwi ziwani. Mama mkubwa hakupiga kelele. Alikwenda taratibu, akamdaka gauni. Kisha akaketi sakafuni, naye hakuweza kusema kitu kwa muda mrefu. Ile mashine ilikuwa imekuwa ngazi.

Siku ile ile aliitwa fundi mwingine. Kwanza aliirudisha gesi yote ndani ya mashine ya nje na kufunga vali, asiiachie hewani. Maana gesi za namna hii huzidisha joto la dunia, na ndiyo sababu mataifa yalipatana mjini Kigali, Oktoba 2016, kuzipunguza. Kisha akaitundika mashine juu ya mabano ya chuma, kwenye ukuta wa nyumba, chini yake ikiwa juu kuliko ukingo, hata feni ikapuliza nje bila kizuizi. Bolti alizitia katika nguzo ya zege, si katika tofali zenye matundu, kwa kuwa mzigo wa kilo 25 au 30 unaotikisika kila siku hulegeza tofali. Nyuma yake aliacha nafasi kama kijitabu cha mashine kilivyoagiza. Alichagua pembe iliyo mbali na dirisha la jirani, kwa ajili ya kelele, na bomba la maji akaliteremsha mpaka kwenye mfereji, yasidondokee nguo za watu wa chini.

Tangu hapo chumba chapoa, na umeme hauishi upesi kama zamani. Ndoo na viti havikai tena roshani.

Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, waliojenga stesheni yetu waliipa baraza yenye matao, ipate kivuli na hewa ipitayo. Kiyoyozi nacho chataka mambo hayo hayo mawili. Basi, ndugu msomaji, fundi akija kwenu na kusema, "Hapa ndipo rahisi," muulize maswali mawili: hewa ya moto itatokea wapi, na mtoto ataweza kupanda?