Mapenzi kwa Asiyeonekana

Sifa zote njema ni zake Allah, Mjuzi wa yaliyofichika na yaliyo dhahiri.

Mwenye kufika Irente, nje kidogo ya mji wa Lushoto, asubuhi ya ukungu, husimama ukingoni mwa jabali asione kitu. Hata hivyo, hana shaka kwamba chini yake ipo Mazinde na nyika yake, wala hathubutu kusonga mbele hata hatua moja. Asichokiona ndicho kinachouongoza mguu wake. Nayo Suratul Baqara, inapowataja wachamungu, hutanguliza sifa ya kuamini ghaibu.

Je, ghaibu yaweza kuchorwa? Wachoraji wa India, zama za wafalme wa Mughal, walilikabili swali hili katika picha ndogo zenye ukubwa wa ukurasa wa kitabu. Katika kisa cha Laila na Majnuni, zipo picha zinazomwonesha Majnuni jangwani, amekonda, wanyama wakali wametulia kandoni mwake, na Laila hayumo. Mapenzi hayana sura. Hujulikana kwa athari yake.

Baina ya 1615 na 1618 hivi, Bichitr alimchora Mfalme Jahangir ameketi juu ya saa ya mchanga, akimkabidhi kitabu Sheikh Husain, msimamizi wa kaburi la Khwaja Muinuddin Chishti huko Ajmer. Sultani wa Kituruki na James wa Kwanza wa Uingereza wamewekwa chini ya sheikh huyo. Kichwa cha Jahangir kimezungukwa na duara kubwa la nuru, lakini chini yake mchanga unaporomoka. Nuru yote hiyo haizuii hata chembe moja.

Wanazuoni wengi wamekataza kuchora viumbe wenye roho, na hoja yao ni nzito: kuumba ni kwa Allah peke Yake. Mfalme Akbar (1556–1605), kama alivyonukuu Abul Fazl, aliona kwamba mchoraji, akishindwa kuipa picha uhai, hulazimika kumkumbuka Mpaji uhai. Waandishi wa misahafu wa Siyu, kisiwani Pate, karne ya 18 na ya 19, walipita njia iliyo salama zaidi: nakshi za wino mweusi, mwekundu na wa manjano, pasipo sura ya kiumbe.

Jua likipanda, ukungu wa Irente huondoka, na nyika huonekana pale pale ilipokuwa. Heri yake aliyempenda Mola wake kabla pazia halijaondolewa.

Wallahu a'lam.