Hita ya gari ikinuka, usikimbilie marashi, tafuta chanzo

MSIMU wa baridi unapotanda Limuru, Kinangop, Nyahururu na Molo kati ya Juni na Agosti, madereva wengi huwasha hita za magari ambazo hazijaguswa kwa miezi kadhaa. Ni wakati huo ambapo baadhi yao hugundua kuwa hewa inayotoka katika matundu ya dashibodi inanuka.

Aghalabu hatua ya kwanza huwa ni kununua manukato ya kutundika kwenye kioo au kunyunyiza marashi ndani ya gari. Harufu hufifia kwa siku mbili tatu, kisha hurejea. Kasoro iliyoizua nayo huzidi kukomaa pasi na mwenye gari kujua.

Dalili ya mvua ni mawingu. Harufu ya hita ni dalili, na kila aina ya harufu ina chanzo chake. Dereva makini anaweza kukikaribia chanzo hicho mwenyewe kabla ya kumlipa fundi afungue dashibodi nzima, kazi ngumu ambayo mara nyingine hufanywa bila sababu.

Safari ya hewa

Katika magari mengi ya petroli na dizeli, hita haina moto wake yenyewe. Maji yanayopoza injini, ambayo hufikia joto la takriban nyuzi 90, hupitishwa kwa mipira miwili hadi kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Hewa inayopulizwa na feni hupita kwenye rejeta hiyo, ikapata joto na kuingia ndani ya gari.

Hewa yenyewe huvutwa kutoka nje kupitia wavu ulio chini ya kioo cha mbele, karibu na wipa. Katika magari mengi ya kisasa hupita kwenye chujio, kisha kwenye sehemu baridi ya kiyoyozi, ndipo ifikie rejeta ya hita. Harufu yaweza kuingia katika hatua yoyote ya safari hiyo.

Majaribio matatu

Gari liegeshwe mahali pa wazi, kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa, na injini iachwe ipate joto. Kwanza, dereva awashe feni peke yake, hita ikiwa kwenye upande wa baridi na kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Iwapo uvundo unasikika hata hivyo, huenda tatizo liko kwenye chujio, uchafu au kuvu, wala si rejeta.

Pili, ageuze kidude cha joto hadi mwisho. Harufu inayojitokeza au kuzidi ukali wakati huo humaanisha kuna kitu kinachovuja na kupashwa moto.

Tatu, abonyeze kitufe chenye mchoro wa gari na mshale unaojipinda ndani yake, ambacho huzuia hewa ya nje. Harufu ikipungua, chanzo chake kiko chini ya boneti. Ikibaki vile vile, kimo ndani ya gari lenyewe.

Kila harufu na maana yake

Harufu ya soksi chafu au ya chumba kisichopata hewa husababishwa na kuvu. Kiyoyozi hutoa maji ambayo hupaswa kudondoka chini ya gari kupitia kijibomba. Kijibomba hicho kikiziba, maji hutuama na kuvu huota. Dawa yake ni kukizibua, kuosha sehemu hiyo na kubadilisha chujio.

Chujio hilo, ambalo mara nyingi huwa nyuma ya kijisanduku kilicho mbele ya abiria, husahauliwa na wengi. Lapaswa kubadilishwa angalau mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi kwa gari linalopita barabara za vumbi. Aidha, majani yaliyooza kwenye wavu ulio chini ya wipa yaondolewe.

Uvundo wa mzoga huashiria panya. Wanyama hao hupenda kujenga viota karibu na feni na chujio, hasa gari linapoegeshwa kwa muda mrefu. Hakuna marashi yatakayouzima uvundo huo hadi mzoga utolewe.

Harufu tamu, mithili ya sharubati iliyopashwa moto, ni ya kulanti inayovuja kutoka kwenye rejeta ya hita. Dalili zake nyingine ni kioo cha mbele kufanya ukungu na kuachwa na utando unaonata, zulia kulowa chini ya dashibodi, na maji ya injini kupungua bila tone kuonekana nje.

Kasoro hii huwakumba sana wanaojaza rejeta maji ya mfereji pekee. Maji hayo hayana kinga dhidi ya kutu, hivyo huila rejeta polepole. Isitoshe, gari la aina hiyo likivuja halitoi harufu tamu, bali ya unyevu na kutu. Ndiyo sababu kupima kiwango cha maji injini ikiwa baridi ni muhimu kuliko kutegemea pua pekee. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa moto.

Baadhi ya mafundi huunganisha ile mipira miwili ili maji yasipite tena kwenye rejeta ndogo. Mbinu hiyo huokoa injini kwa muda, lakini humwacha dereva bila hewa ya moto ya kuondoa ukungu kwenye kioo. Kwa anayeteremka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu alfajiri yenye ukungu, hilo ni jambo la hatari.

Harufu ya mafuta ya injini yanayoungua, ambayo hupungua hewa ya nje inapozuiwa, mara nyingi hutokana na gasketi iliyochakaa na kudondosha mafuta kwenye bomba la moshi. Nayo harufu ya petroli haina mjadala: gari lizimwe, watu washuke, na lisiwashwe tena hadi mahali panapovuja papatikane, kwani cheche moja yatosha kuzua moto.

Hatari isiyonuka

Inayopaswa kuhofiwa zaidi ni harufu ya moshi wa ekzosi. Moshi huo hubeba kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hujishikiza kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 ikilinganishwa na oksijeni. Anayeivuta huumwa na kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha aweza kupoteza fahamu.

Kwa kuwa gesi yenyewe hainuki, harufu ya moshi ndiyo onyo pekee ambalo wengi watalipata. Kulifunika onyo hilo kwa marashi ni kujinyima nafasi ya kuokoka. Abiria wanaolalamikia kichwa wakiwa garini na kupata nafuu wanaposhuka wasipuuzwe. Madirisha yafunguliwe mara moja, gari lisimamishwe, na bomba la moshi likaguliwe kutoka kwenye injini hadi nyuma.

Kwa mwenye gari, gharama ya kubadilisha chujio au gasketi ni ndogo mno ikilinganishwa na ya injini iliyoungua kwa kukosa maji, sembuse uhai wa watu. Anayefika kwa fundi akiwa tayari anajua harufu hutokea lini, huzidi wakati gani na hupungua akibonyeza kitufe kipi, huwa ameifanya nusu ya kazi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.