Jembe la Msomi wa Mawimbi: Namna ya Kuchagua Vitabu vya Redio na Mitandao Isiyotumia Waya

Utangulizi

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Methali hii humkanya mvivu anayetafuta kisingizio cha kutoingia shambani. Hata hivyo, ipo elimu ambayo jembe lisipochaguliwa shamba lenyewe huharibika, nayo ni elimu ya redio na mitandao isiyotumia waya. Anayetaka kujifunza fani hii hukuta vitabu vingi, vingine vya miaka ya karibuni na vingine vikuukuu, vingine vya wahandisi wa vyuo vikuu na vingine vya mafundi. Vingi kati ya hivyo vimeandikwa kwa Kiingereza, mbali na mazingira ya Afrika Mashariki. Akichukua cha kwanza kinachomjia mkononi, huenda akapoteza fedha, muda, na wakati mwingine hata akavunja sheria bila kujua.

Makala haya yanafafanua vigezo vitatu vya kuchagulia vitabu hivyo, yaani umri wa kitabu, nchi ya kitabu na lugha ya kitabu. Msomaji anayechukuliwa kuwa mfano ni kijana wa Bangale, katika Kaunti ya Tana River, ingawa yanayosemwa yanamhusu pia msomaji wa Turkana, Kigoma au Pemba.

Bangale na haja ya elimu hii

Bangale ipo kando ya barabara itokayo Mwingi kuelekea Garissa, katika nchi kame na tambarare ambamo ufugaji ndio uti wa mgongo wa maisha. Kwa mfugaji, mawasiliano si anasa. Bei ya mbuzi sokoni, habari za malisho na maji, tahadhari za ukame, na fedha zinazotumwa kwa M-Pesa tangu huduma hiyo ianze mwaka 2007, vyote hupita hewani. Mvua za El Niño za mwishoni mwa mwaka 2023 zilipoikata barabara kati ya Madogo na Garissa, lori halikupita, lakini ujumbe wa simu uliweza kupita palipokuwa na mnara.

Tatizo ni kwamba minara hufuata miji na barabara kuu, ilhali mifugo hufuata majani. Ndiyo maana kijana anayejua namna ya kuunganisha shule au zahanati iliyo kilomita 10 kutoka kituo cha biashara kwa mtambo mdogo wa redio anaweza kuwa hazina kwa watu wake. Kinyume chake, aliyesoma kitabu kisichofaa anaweza kuwashawishi wanakijiji wauze mbuzi, wajenge mlingoti, na mwishowe mlingoti huo usilete kitu.

Umri wa kitabu

Kila kitabu cha fani hii kina umri wa aina mbili. Zipo sura zisizozeeka na zipo sura zinazozeeka upesi. Kanuni za mawimbi ya sumakuumeme, ambazo James Clerk Maxwell alizieleza mwaka 1865, hazijabadilika. Wimbi la redio ya FM la megahezi 100 lina urefu wa mita 3, na la mtandao wa Wi-Fi la megahezi 2,400 lina urefu wa sentimita 12.5. Ndivyo ilivyokuwa kabla ya redio kuvumbuliwa, na ndivyo itakavyoendelea kuwa. Kwa hiyo, sura nzuri inayoeleza antena, hata kama imechapishwa miaka 40 iliyopita, bado ni mwalimu wa kutegemewa.

Mambo ni tofauti kwa sura zinazohusu vifaa na usalama. Kitabu cha Matthew Gast kiitwacho 802.11 Wireless Networks: The Definitive Guide kilitoka mwaka 2002 na chapa yake ya pili mwaka 2005. Kinaeleza kwa kina namna vifaa vya Wi-Fi vinavyopeana zamu ya kusema hewani, na maelezo hayo yangali na thamani. Hata hivyo, viwango vilivyokuja baadaye, kama vile 802.11n cha mwaka 2009 na 802.11ac cha mwaka 2013, havimo katika chapa hizo. Aidha, vitabu vya mwanzoni mwa miaka ya 2000 hutumia kurasa nyingi kueleza ulinzi wa aina ya WEP, ambao watafiti walionyesha mwaka 2001 kwamba unaweza kuvunjwa. Mahali pake pamechukuliwa na WPA2 ya mwaka 2004 na WPA3 ya mwaka 2018. Msomaji anayefuata sura kama hiyo neno kwa neno ataujenga mtandao wa zahanati kwa kufuli lisilofunga.

Kwa mintarafu hiyo, swali la kuuliza dukani au maktabani si kama kitabu ni kipya au cha zamani. Swali ni: je, sura inayohitajika ni ya mawimbi au ni ya vifaa? Ya mawimbi inaweza kusomwa katika kitabu kikuukuu kilichopatikana kwa bei nafuu. Ya vifaa na usalama haina budi kutoka katika chapa ya karibuni.

Nchi ya kitabu

Kigezo cha pili husahauliwa mara nyingi. Kitabu cha redio kina uraia, kwa maana kwamba hubeba sheria na mazingira ya nchi kilikoandikwa. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano umeigawa dunia katika kanda tatu za matumizi ya mawimbi. Kenya, pamoja na Afrika yote na Ulaya, imo katika Kanda ya 1, na Marekani imo katika Kanda ya 2. Mgawanyo huu una matokeo makubwa. Vitabu vingi vya Marekani huwaelekeza wasomaji kutumia vifaa vya megahezi 902 hadi 928 bila leseni, kwa kuwa huko ukanda huo umeachwa wazi. Katika Kanda ya 1, sehemu kubwa ya ukanda huohuo hutumiwa na simu za mkononi. Kijana wa Bangale akiagiza kifaa cha namna hiyo kwa kufuata kitabu, anaweza kuwavurugia jirani zake mawasiliano yaleyale aliyokusudia kuyaboresha.

Kwa hiyo, kitabu kama The ARRL Handbook cha wanaredio wa ridhaa wa Marekani, kilichoanza kuchapishwa mwaka 1926, ni hazina kubwa kwa elimu ya saketi na antena, lakini majedwali yake ya mawimbi yanayoruhusiwa si ya Kenya. Majedwali ya Kenya hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, chombo kilichoanza mwaka 1999 kikiitwa Tume ya Mawasiliano. Mwaka 2021 Mamlaka hiyo ilitoa mwongozo wa leseni kwa mitandao inayoendeshwa na jamii. Jambo hilo halimo katika kitabu chochote kilichotangulia mwaka huo, hata kiwe kizuri namna gani.

Mazingira nayo yana sauti yake. Bangale ipo kusini kidogo tu ya Ikweta. Kitabu cha Ulaya kinachoagiza paneli ya sola ielekezwe kusini na kuinuliwa sana kinazungumzia jua la kwao. Karibu na Ikweta jua hupita utosini, kwa hiyo paneli hulazwa karibu bapa, ikiachiwa mwinamo mdogo ili mvua iteremshe vumbi. Kadhalika, kitabu cha nchi za baridi hakitautaja mmathenge, mti ulioenezwa Bura na Hola mapema katika miaka ya 1980 na ambao sasa umetapakaa sehemu nyingi za Tana River. Hata hivyo, kitabu kizuri kitaeleza kwamba maji yaliyomo katika majani hulinyonya wimbi la Wi-Fi. Msomaji aliyeielewa sababu hiyo ataukabili mmathenge bila kuhitaji kuuona umetajwa.

Kipimo cha hesabu moja

Namna rahisi ya kukipima kitabu ni kukifungua na kutafuta swali moja: mlingoti uwe na urefu gani ili mitambo miwili iliyo mbali iwasiliane? Kitabu dhaifu hujibu kwamba inatosha antena zionane. Kitabu kizuri huendelea mbele na kueleza kwamba wimbi halisafiri kama uzi mwembamba, bali hujaza eneo lililovimba katikati mithili ya mtumba wa ngalawa. Eneo hilo limepewa jina la mwanafizikia Mfaransa, Fresnel.

Kwa umbali wa kilomita 10 na wimbi la gigahezi 2.4, nusu ya upana wa eneo hilo katikati ya njia ni karibu mita 18. Mafundi hutaka angalau asilimia 60 yake iwe wazi, yaani karibu mita 11. Mviringo wa dunia huongeza mita moja na nusu hivi. Iwapo njiani kuna miti ya mita 6, basi katika nchi tambarare milingoti yote miwili itahitaji kufika karibu mita 18 au 19. Aliyesoma kwamba inatosha antena zionane angejenga mlingoti wa mita 8, aione antena ya pili kwa darubini, kisha ashangae kwa nini mtandao unakatikakatika. Tofauti ya vitabu viwili hapa ni mita 10 za chuma pamoja na imani ya kijiji kizima.

Kitabu kinachoufaulu mtihani huu ni Wireless Networking in the Developing World. Mpango wake ulianza London mwezi Oktoba 2005, waandishi kutoka nchi mbalimbali walipokutana, na chapa ya kwanza ikatoka Januari 2006. Chapa ya tatu ilitoka mwaka 2013. Hutolewa bure, kinaruhusiwa kunakiliwa, na kimefasiriwa kwa Kifaransa, Kihispania, Kireno na Kiarabu, miongoni mwa lugha nyingine. Kinaeleza mawimbi, antena, umeme wa jua na namna jamii zisizo na fedha nyingi zinavyoweza kujijengea mtandao. Kwa anayeanza, hicho ndicho cha kutangulia. Kitabu cha Theodore Rappaport kiitwacho Wireless Communications: Principles and Practice, kilichotoka mwaka 1996 na tena mwaka 2002, ni cha wahandisi, na hesabu zake zinafaa kusubiri mpaka msingi ukauke.

Lugha ya kitabu

Kigezo cha tatu ndicho kinachowahusu zaidi wanafunzi wa Kiswahili. Kijana wa Bangale aliyepitia mtaala wa 8-4-4 alisoma fizikia kwa Kiingereza, lakini atakapowaeleza wazee kwa nini mlingoti uwe mrefu, hatawaeleza kwa Kiingereza. Atatumia Kiswahili, Kiorma au Kisomali. Kwa hiyo, anayesoma anahitaji kujua mapema maneno atakayotumia kuwafundisha wengine, na hapo ndipo mtego ulipo.

Chukulia neno masafa. Katika matumizi ya kawaida lina maana ya umbali, kama katika mbio za masafa marefu. Katika utangazaji limekuwa pia jina la idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, kama katika masafa ya FM. Isitoshe, matangazo ya mawimbi mafupi yamezoeleka kuitwa matangazo ya masafa mafupi. Asiyejua hudhani kwamba matangazo hayo hufika karibu tu. Ukweli ni kinyume: mawimbi hayo hurudishwa chini na tabaka la juu la anga na kuvuka maelfu ya kilomita. Ndiyo njia iliyotumiwa kwa miaka mingi na Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, kuwafikia wasikilizaji wa Afrika Mashariki. Kilicho kifupi ni urefu wa wimbi, si safari yake. Neno moja likibeba dhana tatu, mwanafunzi hubeba mzigo usio wake.

Msaada upo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Aidha, Kiswahili cha mitaani na cha vituo vya polisi kilikwisha kuiita redio ya mkononi simu ya upepo, jina ambalo kila mtu hulielewa bila kufafanuliwa. Msomaji anayesoma kitabu cha Kiingereza huku akijiandikia faharasa ndogo kando, umbali ukiwa umbali, urefu wa wimbi ukiwa urefu wa wimbi, na idadi ya mitetemo ikipewa jina lake la peke yake, hugundua haraka ni sura zipi alizielewa na zipi alizikariri. Dhana isiyoelezeka kwa Kiswahili chepesi mara nyingi ni dhana ambayo bado haijaeleweka.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kitabu cha redio na mitandao isiyotumia waya hakichaguliwi kwa jalada, unene wala sifa za muuzaji. Huchaguliwa kwa kutenganisha sura za mawimbi na sura za vifaa, kwa kuuliza sheria na jua la nchi gani vimo ndani yake, na kwa kupima kama yaliyomo yanaweza kusemwa upya katika lugha ya wale watakaoulipia mlingoti. Kwa msomaji wa Bangale, mpango unaofaa ni kuanza na kitabu kimoja cha bure kilichoandikwa kwa ajili ya mazingira yanayofanana na yake, kukiongezea kitabu kikuukuu cha antena, na kuweka kando yake majedwali ya Mamlaka ya Mawasiliano pamoja na kamusi ya fizikia.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili iko kazi iliyo wazi. Sura moja tu inayoeleza mlingoti, mti na wimbi kwa Kiswahili sanifu, ikiwa na hesabu yake kamili na bila kulitumia neno masafa kwa maana tatu, ingeweza kusomwa Bangale kesho na kumwokolea mtu mbuzi wake.