Usifiche maumivu ya goti kwa vidonge

Je, msomaji, goti likikuuma baada ya mchezo hufanya nini? Wengi humeza vidonge viwili, wakalala, na kesho yake wakarudi uwanjani. Kabla hujafanya hivyo tena, zingatia yaliyompata Lauren Jackson, mwanadada wa Australia aliyevuma katika mpira wa vikapu.

Jackson alizaliwa 1981 mjini Albury. Mwaka wa 2001 alijiunga na Seattle Storm katika ligi ya wanawake ya kulipwa nchini Marekani. Aliisaidia kutwaa ubingwa 2004 na 2010, na mara tatu akateuliwa mchezaji bora wa ligi hiyo. Lakini kuruka na kutua mwaka baada ya mwaka kuliuchosha mwili wake. Aliumia goti akicheza China, akapasuliwa mara kadhaa, na Machi 2016 akastaafu akiwa na umri wa miaka 34. Baadaye alisimulia waziwazi alivyofikia kutegemea dawa za maumivu na za usingizi.

Ndani ya goti mna kano zinazoshikilia mifupa, na gegedu inayozuia mifupa kusuguana. Ukigeuka ghafla au kutua vibaya, kano yaweza kukatika. Gegedu ikilika, hairudi ilivyokuwa. Katika michezo ya kuruka, wanawake hupatwa na jeraha la kano kuliko wanaume. Kidonge hutuliza uchungu tu, hakiungi kilichokatika. Nawe usiposikia uchungu, utazidi kujiumiza.

Hata hivyo, usikate tamaa. Baada ya mazoezi ya kuimarisha misuli, Jackson alirejea 2022. Akiwa na miaka 41 alifunga pointi 30 dhidi ya Canada, na Australia ikapata shaba ya Kombe la Dunia mjini Sydney. Mwaka wa 2024 alipata shaba huko Paris, medali yake ya tano ya Olimpiki.

Basi, pasha mwili moto kabla ya kucheza. Imarisha misuli ya mapaja, na ujizoeze kutua ukiwa umekunja magoti. Goti likivimba, likikataa kunyooka au likilegea ukitembea, acha kucheza na umwone daktari. Usimeze dawa za maumivu siku nyingi bila ushauri wake, kwani baadhi yazo hudhuru tumbo na figo.

Nawe mzazi, binti yako akilalamikia goti, usimwambie ajikaze. Mpeleke akapimwe.