Mtoto Mwenye Kipawa katika Shule ya Umma: Mzazi Adai Nini, na Wapi?

Nchini Kenya, "mahitaji maalum" yanapotajwa shuleni, wengi wetu huwaza ulemavu peke yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 haikukomea hapo. Katika ufafanuzi wake, elimu ya mahitaji maalum hujumuisha pia elimu ya wanafunzi wenye vipawa na talanta. Kwa hiyo, mzazi anayetaka mwanawe apewe kazi inayolingana na uwezo wake haombi hisani. Anaulizia huduma inayotambuliwa na sheria.

Tunalieleza jambo hili kwa kuwa kimya kina gharama. Mtoto anayemaliza zoezi mapema na kuachwa akikaa bure hujitafutia shughuli nyingine, na haichukui muda kabla ya kuitwa mtukutu. Wengine hujifunza kuficha wanachokijua ili wafanane na wenzao. Anayeumia zaidi ni mtoto ambaye wazazi wake hawana uwezo wa kumpeleka kwingine, kwa maana shule ya umma ndiyo tegemeo lake pekee.

Kipawa si nambari moja darasani

Alama za juu ni dalili mojawapo tu. Mtoto mwenye kipawa huweza kupata alama za chini kwa sababu amechoshwa na marudio, au kwa sababu lugha ya kufundishia inamtatiza. Huweza pia kuwa na kipawa na ulemavu kwa pamoja. Mzazi na aweke kumbukumbu za mambo anayoyaona: vitabu anavyosoma mtoto, maswali anayouliza, hesabu anazofanya bila kufundishwa, vifaa anavyounda. Kila jambo liandikwe pamoja na tarehe yake. Kumbukumbu hizo zina uzito kuliko kauli ya "mtoto wangu ni mwerevu".

Hatua za kufuata

Kwanza, mzazi aonane na mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu, akiwa na ombi mahususi: mazoezi ya kiwango cha juu, au ruhusa ya kujiunga na darasa la mbele kwa somo moja. Mwalimu mwenye darasa kubwa hulikubali kwa urahisi ombi dogo linalotekelezeka kuliko lalamiko la jumla. Mazungumzo yakiisha, mzazi aandike barua fupi inayotaja yaliyokubaliwa, na abaki na nakala.

Pili, aombe mtoto afanyiwe tathmini. Serikali ina vituo vya tathmini na nyenzo za elimu, na shule inaweza kumwelekeza mzazi kwenye kituo kilicho karibu.

Tatu, akikwama shuleni, aiandikie Bodi ya Elimu ya Kaunti. Kifungu cha 46 cha Sheria hiyo kinaipa kila bodi wajibu wa kutoa huduma ya ushauri kwa watoto, ikiwemo kuwachunguza wanafunzi wenye mahitaji maalum na kuwashauri wazazi na walimu juu ya njia zinazowafaa.

Nne, akinyimwa taarifa, atumie Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, halitozwi ada ya kuwasilishwa, na afisa husika hutakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 21. Asiporidhika, anaweza kuifikia Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huijua kama Ofisi ya Ombudsman.

Tahadhari kuhusu fedha

Tamaa ya kumwendeleza mtoto isimfanye mzazi kulipia kisichoruhusiwa. Kifungu cha 37 kinapiga marufuku masomo ya ziada wakati wa likizo. Anayekikiuka anakabiliwa na faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au adhabu zote mbili. Kubadilisha jina la masomo hayo na kuyaita "programu ya vipawa" hakuyahalalishi. Vilevile, mtu binafsi akijitolea kumpima mtoto kwa malipo, mzazi aulize kwanza sifa za mpimaji, gharama yote, na iwapo shule itayatambua matokeo. Majibu yawe ya maandishi, na malipo yawe na risiti.

Tusiahidi kupita kiasi

Sheria haisemi kwamba kila kijiji kitakuwa na shule ya wenye vipawa, wala kwamba kila ombi la mzazi litakubaliwa. Walimu ni wachache na madarasa yamejaa. Hata hivyo, mahitaji yasiyoandikwa popote hayaingii katika mipango ya mtu yeyote. Wazazi wawili au watatu wenye haja moja wanaweza kuiwasilisha pamoja kupitia chama cha wazazi, na suluhisho lililopatikana kwa mtoto mmoja likawafaa wengi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa kuinama ni kuandika, kuweka nakala na kufuatilia.