Mwalimu Mmoja, Madarasa Mengi

Ratiba ya kituo chochote kikubwa cha yoga humchanganya mgeni: Ashtanga, Iyengar, Vinyasa, Hatha, Yin, Bikram. Majina hayo hueleweka zaidi ukijua kwamba mengi yake yana ukoo, na kwamba sehemu kubwa ya ukoo huo inaanzia kwa mtu mmoja, Tirumalai Krishnamacharya. Mwaka 1933, katika mji wa Mysore kusini mwa India, alifungua shule ya yoga ndani ya kasri la Jaganmohan chini ya ufadhili wa Maharaja, mtawala wa huko. Wanafunzi wake wengi walikuwa vijana wenye nguvu, naye aliwafundisha kwa kasi, kwa kuruka na kujipinda, kila tendo likifuata pumzi.

Mwanafunzi wake Pattabhi Jois aliichukua kasi hiyo akaijenga kuwa Ashtanga. Mpangilio wa mikao haubadiliki, na kwa desturi hupewi mkao mpya kabla ya kuumudu uliotangulia. Anayependa nidhamu na jasho ataipenda. Mwenye bega au goti bovu aingie kwa tahadhari.

B.K.S. Iyengar alipita njia nyingine, na sababu ilikuwa mwili wake mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1918, akakua dhaifu, akiandamwa na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Dada yake aliolewa na Krishnamacharya, na hivyo ndivyo kijana huyu mgonjwa alivyofika kwenye yoga. Mwaka 1937 alitumwa Pune kufundisha, akabaki huko hadi alipofariki mwaka 2014. Mtu aliyejua maana ya mwili usiotii hakuweza kuwaambia wengine wajikaze tu. Alileta viti, mikanda, kamba, mablanketi na matofali ya mbao, ili asiyefika sakafuni kwa mkono aifikishe sakafu mkononi. Katika darasa la Iyengar utasimama kwenye mkao mmoja kwa muda mrefu huku mwalimu akikurekebisha kisigino, goti, hata vidole. Wengine huona inachosha. Mimi humwelekeza huko kwanza kila anayeanza akiwa na umri mkubwa au mgongo unaouma, maana hapo ndipo atajifunza kusimama kabla ya kuombwa ainame.

Mwanafunzi wa tatu, Indra Devi, mzaliwa wa Riga, alikataliwa mwanzoni. Alipokubaliwa alifundishwa kwa upole zaidi, na baadaye akafungua darasa Hollywood. Miaka ya baadaye, akiwa Chennai, Krishnamacharya mwenyewe alifundisha mtu mmoja mmoja, akimpangia kila mgonjwa mazoezi kulingana na umri na hali yake. Mwanawe Desikachar aliiendeleza kazi hiyo.

Vinyasa ya mijini leo ni mtoto wa Ashtanga aliyeacha mpangilio: mwalimu hujitungia mfululizo wake. Kwa hiyo jina hilo ndilo linalokuambia machache kuliko yote. Madarasa mawili ya Vinyasa yanaweza kufanana kwa jina tu. Hatha kwenye ratiba huwa na maana ya darasa la polepole. Yin hukulaza au kukukalisha sakafuni dakika tatu hadi tano kwa kila mkao, misuli ikiwa imelegea. Bikram, isiyotoka Mysore, ni mikao 26 kwa dakika 90 ndani ya chumba chenye joto la nyuzi 40 hivi. Mjamzito, au mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo, aongee na daktari kwanza.

Kabla ya kulipa ada, muulize mwalimu amesomea wapi na kwa muda gani, mkao hushikiliwa kwa muda gani, na atafanya nini ikiwa goti lako halikunjiki. Akikujibu kwamba wote hufanya sawasawa, tafuta darasa lingine.