Mkutano wa Asasi za Kheri: Nani Alipie, na Nini Kibaki?

  

Asasi zinapotaka kukutana ili zishirikiane, watu huuliza mambo mawili: Je, inajuzu kuuchangia mkutano huo kwa zaka? Na je, inafaa kukaa kikao kimoja na asasi za wasiokuwa Waislamu?

Tuchukue mfano wa Kamanga, wilaya ya Sengerema, ambako watu huvuka Ghuba ya Mwanza kwa kivuko kwenda na kurudi mjini. Mjane wa mvuvi mahali kama hapo mwanawe husoma madrasa, yeye yumo katika kikundi cha kinamama cha kuweka na kukopa, na akiumwa hupelekwa hospitali teule ya wilaya, ambayo ni ya Kanisa Katoliki. Mtu ni mmoja, lakini kila anayemsaidia ana daftari lake. Kwa mtindo huo, yatima mmoja huweza kuandikwa mara tatu na jirani yake asiandikwe kabisa.

Sisi wa visiwani hatuhitaji kuelezwa zaidi. MV Spice Islander ilizama Septemba 10, 2011, na MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara, katika Ziwa Victoria, Septemba 20, 2018. Siku za mwanzo za msiba msaada huwa mwingi. Suala ni nani anayemkumbuka yatima mwaka wa tatu.

Kukaa na wasiokuwa Waislamu

Kabla ya utume, mfanyabiashara kutoka Zabid, Yemen, alidhulumiwa Makka na Al-'As bin Wail, aliyechukua bidhaa asilipe. Koo kadhaa za Kikureshi zikakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, zikaapa kusimama na aliyedhulumiwa mpaka apewe haki yake. Hiyo ndiyo Hilful Fudhul. Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) alihudhuria akiwa kijana, na baadaye akaeleza kuwa lau angeitwa kwenye ahadi kama ile katika Uislamu, angeitikia. Walioapa hawakuwa Waislamu, lakini jambo lenyewe lilikuwa haki. Basi inajuzu kushirikiana katika wema, maadamu hakuna kinachogusa itikadi wala kuhalalisha haramu.

Zaka na gharama za mkutano

Suratut Tawba, aya ya 60, imetaja mafungu manane ya wanaostahiki zaka. Kwa jamhuri ya wanazuoni, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafi'i, fungu la fi sabilillah haliingizi kila jambo la kheri. Kwa hiyo ukumbi, nauli za wajumbe na pilau havilipiwi kwa zaka. Wapo wanazuoni wa zama hizi waliolipanua fungu hilo, lakini haki ya fakiri haina khilafu, na kujitoa katika khilafu ni bora. Mkutano ulipiwe kwa sadaka ya mtu anayejua anachokichangia. Mali ya wakfu isiguswe ila kwa sharti la mwenye kuiwakifu.

Namna ya kuuandaa

1. Liwepo jambo moja tu la kukubaliana, kama vile daftari la pamoja la mayatima. Mkutano wa mambo kumi huisha kwa risala.

2. Kabla ya siku yenyewe, kila asasi ieleze inamsaidia nani, wapi na kwa fedha ipi. Siri za familia zihifadhiwe.

3. Wajane na wavuvi wapewe nafasi ya kusema mwanzo, sio baada ya wageni rasmi. Na wanaorudi kwa kivuko wasibakishwe mpaka kikawaacha.

4. Asasi za Bara zinasimamiwa na Sheria Na. 24 ya 2002, na Zanzibar ina sheria yake. Wanaochangisha pande zote mbili waangalie zote.

5. Ahadi iandikwe: nani atafanya nini, mpaka lini. Suratul Baqara, aya ya 282, imetuamrisha kuandika deni, na ahadi mbele ya yatima ni deni zito.

Ndugu zetu, mkiombwa mchango, ulizeni kwa upole: mkutano uliopita uliahidi nini, na kimetekelezwa kipi? Hiyo si dharau, bali ni kulinda amana.

Wa Allahu a'lam.